Kupaka Mabaka ya Kivita kwenye Kifaru cha Mfano

Kabla ya kufungua kichupa cha kwanza cha rangi, ni vyema kujiuliza kifaru cha kweli kilipakwa na nani, na aliyekipaka alikuwa ameshika nini mkononi. Aliyetumia brashi akifuata mistari iliyochorwa kwa chaki aliacha ukingo mkali kati ya rangi na rangi. Aliyetumia bomba la kupulizia aliacha ukingo unaoyeyuka. Na askari aliyechovya ufagio kwenye ndoo ya rangi iliyozimuliwa kwa petroli aliacha michirizi ambayo hakuna fundi angejivunia. Ukikosea hapo, hata rangi zako zikiwa sahihi kabisa, kazi itaonekana kichezeo cha dukani. Ndiyo maana katika maelezo haya nitashughulika na kingo za rangi kuliko na rangi zenyewe.

Nimechagua Matilda, kifaru cha Waingereza, katika kipimo cha 1/35, yaani mfano ulio mdogo mara 35 kuliko kifaru cha kweli, kwa sababu mbili. Kwanza, mabaka yaliyopakwa Misri na Libya katika miaka ya 1940 na 1941 yana mistari iliyonyooka na kingo kali, hivyo yanaweza kupakwa kwa brashi na tepu bila mashine yoyote, nasi tunaoishi Lamu tunajua kwamba mashine ikiharibika hapa, spea yake husubiriwa kwa majuma. Pili, kifaru hiki kina historia upande wetu wa dunia, kwa kuwa Matilda chache zilipelekwa Eritrea na kupigana na Waitalia huko Keren mwaka 1941. Mfano wake wa plastiki ni rahisi kuagiza, kwani kampuni ya Tamiya wanautengeneza, na ukishaunganishwa unakuwa na urefu wa sentimita 16 hivi, ukubwa unaotosha kuona unachofanya bila kuchosha macho.

Mabaka hayo huitwa kwa jina la Brigedia Caunter wa jeshi la Waingereza, nayo yana rangi tatu. Light Stone ni rangi ya mchanga inayoelekea manjano. Silver Grey ni kijivu kilichopauka chenye ukijani ndani yake. Slate ni kijivu kizito, nacho kina ukijani. Kwa miaka mingi waundaji wa mifano waliipaka Silver Grey kama buluu ya anga, na bado utaona picha nyingi za namna hiyo. Mimi mwenyewe kifaru changu cha kwanza nilikipaka buluu ambayo ingependeza zaidi kwenye tezi ya jahazi kuliko jangwani. Ukichanganya mwenyewe, anza na kijivu chepesi, tia kijani kidogo sana na tone la manjano, halafu pakaza juu ya kijiko cha plastiki na ukiache kikauke, kwa maana rangi nyingi za maji huwa nzito kidogo zikishakauka.

Kuhusu uzito wa rangi, kuna jambo ambalo wanaoanza hawaliamini mpaka walione. Rangi halisi ya jeshi, ikichukuliwa kama ilivyo na kupakwa kwenye kitu cha sentimita 16, huonekana nyeusi kupita kiasi, kwa sababu kifaru cha kweli tunakitazama kwa mbali, kupitia hewa yenye vumbi na mwanga mwingi, ilhali mfano tunautia puani. Kwa hiyo chukua matone kumi ya Slate, utie matone mawili ya Light Stone. Na katika Silver Grey tia moja. Faida ya kutumia Light Stone kupausha, badala ya nyeupe, ni kwamba rangi zote tatu zinakuwa na asili moja, na zinakaa pamoja kama watu wa nyumba moja badala ya kugombana.

Kazi yenyewe huanza kwa sabuni. Sehemu za plastiki hutoka kiwandani zikiwa na mafuta ya kulegezea kalibu, na mikono yetu ya pwani huongeza jasho na chumvi juu yake. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza, na uache zikauke mahali pasipo upepo. Tangu hapo shika mfano kwa kitambaa au kwa kijiti ulichokichomeka chini yake. Unganisha mwili wote pamoja na sahani za pembeni zinazofunika magurudumu, kwa kuwa mistari ya mabaka hupita juu ya sahani hizo bila kukatika, lakini minyororo iache nje hadi mwisho. Tareti, yaani kile kibanda cha juu kinachozunguka na kubeba mzinga, isigundishwe, ila ikae mahali pake huku mzinga ukitazama mbele.

Praima, yaani rangi ya kwanza inayosaidia nyingine kushika, ikiwa ya kopo la kupuliza ni nzuri, ila kuisafirisha ni mtihani, na ukiipuliza nje siku ya kusi kali nusu yake itaishia kwenye ukuta wa jirani. Mimi hutumia praima ya kijivu ya kupaka kwa brashi pana laini, mikono (yaani matabaka) miwili myembamba, na baina yake napitisha msasa laini uliochakaa pale panapoonekana alama za brashi.

Hali ya hewa yetu inastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu maelezo mengi ya kazi hii huandikwa na watu wa nchi baridi ambao shida yao si yetu. Wakati wa kaskazi joto hukausha rangi ya maji kwenye brashi kabla haijafika kwenye plastiki, na matokeo yake ni uso wenye mikwaruzo kama ngozi ya papa. Dawa yake ni kibao chenye unyevu. Chukua kopo la halua lililokwisha, weka ndani yake sponji iliyolowa maji, juu yake tandika karatasi ya kuokea mikate, na rangi yako uichanganyie hapo. Unyevu utapanda polepole kupitia karatasi na rangi itabaki hai asubuhi nzima, na ukifunika kopo unaweza kuikuta bado inafaa kesho yake. Wakati wa masika shida ni kinyume chake. Vanishi isiyong'aa yenye tina kali (kile kizimulio cha rangi), ikipakwa siku ya unyevu mwingi, hupoesha uso inapokauka, na mvuke ulio hewani hunaswa ndani yake. Mwaka mmoja nilipaka vanishi usiku wa mvua, nikalala nikiwa nimeridhika, na asubuhi nikakuta kifaru kimepauka chote kama kuta zilizopakwa chokaa upya. Niliokoa kazi kwa kupaka juu yake vanishi inayong'aa, nyembamba, ambayo mara nyingi hurudisha uwazi, kisha nikangoja wiki nzima jua lirudi ndipo nikaipaka ile isiyong'aa. Tangu siku hiyo sigusi tina baada ya magharibi katika miezi ya mvua.

Mahali pazuri pa kufanyia kazi katika nyumba zetu za mawe ni ukingoni mwa kiwanda, ule uwanja wa ndani ulio wazi juu, kwani mwanga wa saa nne asubuhi hushuka bila jua kali kupiga moja kwa moja, na hewa hupita ya kutosha kuondoa harufu. Balbu ya manjano ya usiku hudanganya macho. Kijivu chenye ukijani na kijivu chenye ubuluu huonekana kitu kimoja chini yake, na pengine hilo ndilo lililonipata kwenye kifaru kile cha buluu.

Sasa paka Light Stone mwili mzima, pamoja na chini ya mzinga na ndani ya vifuniko utakavyoviacha wazi. Rangi iwe na uzito wa maziwa, na mikono iwe mitatu myembamba badala ya mmoja mzito, kwa sababu rangi nzito hufukia vichwa vya bolti, na bolti zikishafukiwa hazifukuliwi. Kati ya mkono na mkono ngoja hadi uso uache kuhisi baridi ukiugusa kwa mgongo wa kidole, kisha ukishamaliza uache ukauke siku nzima kabla ya kubandika tepu juu yake.

Kuchora mistari ndiyo hatua ninayoitumia muda mrefu kuliko zote. Mabaka ya Caunter hayakuachiwa askari ayabuni. Kila aina ya gari ilikuwa na mchoro wake, na mistari hiyo ya mshazari iliwekwa kwa makusudi ili jicho la adui lishindwe kuona mwanzo na mwisho wa umbo. Tafuta mchoro wa pande zote za Matilda, kushoto, kulia, mbele, nyuma na juu, kisha uende nao duka la kutolea nakala. Mchoro wa 1/72 hukuzwa hadi asilimia 206 ili uwe wa 1/35, na wa 1/48 hukuzwa hadi asilimia 137. Mashine nyingi haziruhusu kupita 200 kwa mara moja, basi mwambie mhudumu atoe nakala ya asilimia 143, kisha aikuze nakala hiyo kwa 144. Kata karatasi hiyo vipande, vishikize kwenye mfano, na utie alama kwa penseli laini pale tu mstari unapogusa kona, bawaba au kifuniko. Usichore mstari wote kwa penseli kwa sababu risasi yake hupenya rangi nyepesi. Nukta mbili za mwanzo na mwisho zinatosha, kwani tepu yenyewe ndiyo itakayounyoosha mstari.

Hapo kuna jambo la kuangalia kwa makini. Mwili wa Matilda hauko bapa: una miteremko mbele, mifereji pembeni, na tareti ya duara. Mstari ulionyooka kwenye karatasi, ukiuviringisha juu ya duara, huonekana umepinda ukiutazama kutoka pembeni. Funga jicho moja, shika mfano usawa wa jicho kwa urefu wa mkono, na usogeze tepu mpaka mstari uonekane umenyooka kutoka upande ule mchoro ulipochorwa. Mtoto wa kaka yangu alinikuta nimekaa hivyo kwa dakika nyingi, akaniuliza, "Ami, kifaru gani hiki, hata pembe hakina?" Nilimjibu kwamba pembe yake ni moja na inatoa risasi, akaridhika, akaniacha niendelee.

Tepu ya wapaka rangi wa nyumba hunata kupita kiasi na huweza kung'oa rangi ya chini, kwa hiyo ibandike kwanza kwenye kiganja mara mbili tatu. Tepu ya njano ya waundaji wa mifano haina taabu hiyo. Vyovyote iwavyo, usitumie ukingo wa tepu kama ulivyotoka kwenye mviringo wake, kwa kuwa umeshika vumbi na nyuzi. Ibandike juu ya kioo, kata ukingo mpya kwa wembe na rula ya chuma, kisha ihamishie kwenye mfano. Ikifika juu ya bolti au bawaba, isukume kwa kijiti cha meno mpaka ikae kila upande. Kisha, na hapa ndipo wengi huharibu, usipake Silver Grey mara moja. Paka kwanza Light Stone ileile juu ya ukingo wa tepu, ukisukuma brashi kutoka kwenye tepu kuelekea nje. Kama kuna upenyo chini ya tepu, rangi itakayopenya ni ileile ya chini na hakuna atakayeiona, na ikishakauka upenyo huo umezibwa. Baada ya hapo Silver Grey itaacha ukingo safi.

Vua tepu rangi ikiwa imeshika lakini haijakomaa, kwa wastani nusu saa baada ya mkono wa mwisho katika joto letu, ukiikunja nyuma juu ya nafsi yake na kuivuta polepole kwa mshazari. Ukingoja hadi kesho, rangi ya juu huwa imeshaungana na tepu, nayo huvunjika vipande vidogo kama ganda la yai. Rudia utaratibu huohuo kwa Slate, ila safari hii rangi ya kuzibia upenyo iwe ile iliyo chini ya ukingo husika, Light Stone upande mmoja na Silver Grey upande mwingine. Makosa madogo yatakuwapo. Yarekebishe kwa brashi namba 0 yenye ncha nzuri, na usihangaike na kila moja, kwa kuwa mistari hiyo ilipakwa na watu wenye jua la Misri mgongoni.

Rangi tatu zikishakaa, piga picha ya kifaru kwa simu na uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Lazima uone ngazi tatu zilizo wazi: nyepesi, ya kati, nzito. Ikiwa mbili kati yake zimeungana na kuwa kitu kimoja, mabaka hayafanyi kazi yake, na kama mojawapo ni Light Stone, ni rahisi kuipausha hiyo kwa mkono mmoja mwembamba kuliko kugusa zile nyingine.

Ukitaka kupaka kifaru cha Kijerumani cha miaka ya mwisho ya vita, mambo yanageuka. Tangu Februari 1943 rangi yao ya msingi ilikuwa manjano iliyofifia, na vikosi vilipewa makopo ya rangi nzito ya kijani cha zeituni na ya hudhurungi nyekundu, ambazo askari walizizimua kwa maji au petroli na kupaka wenyewe kulingana na mahali walipokuwa. Waliokuwa na bomba la kupulizia walipata kingo laini. Wasio nalo walitumia brashi. Hapa hesabu ya kipimo inahitajika. Tuseme ukungu wa rangi pembeni mwa baka ulikuwa na upana wa sentimita 10 kwenye kifaru cha kweli. Katika 1/35 hizo ni milimita 3 tu, na katika 1/72 hazifiki milimita moja na nusu. Mtu anayepuliza rangi na kuacha ukungu wa sentimita nzima kwenye mfano amepaka, kwa kipimo cha kweli, ukungu wa sentimita 35, yaani baka lisilo na ukingo.

Mwenye eabrashi, yaani bomba dogo la kupulizia rangi, azimue rangi hadi iwe nyepesi kama maziwa yaliyotiwa maji, ashushe shinikizo hadi bar 1 hivi, na asogeze ncha hadi sentimita moja au mbili kutoka kwenye uso. Anayeogopa mkono wake aviringishe kamba nyembamba za Blu Tack, ile gundi laini ya kufinyanga ya kubandikia karatasi ukutani, azilaze kwenye mpaka wa baka na kupuliza kutoka juu. Uvimbe wa kamba hiyo ndio unaoacha ukungu mwembamba chini yake. Asiye na eabrashi asikate tamaa. Apake baka kwa brashi likiwa dogo kidogo kuliko inavyotakiwa, achanganye rangi ya baka na ya msingi nusu kwa nusu, achovye kipande kidogo cha sponji, akifute kwenye karatasi mpaka kikaribie kukauka, kisha adonoe ukingoni mwote katika utepe wa milimita mbili. Ukitazama kwa karibu utaona vidoa. Kwa umbali wa mkono utaona ukingo laini.

Tukirudi kwenye Matilda, paka vanishi inayong'aa, bandika alama na namba za kikosi, kisha pitisha rangi ya mafuta ya hudhurungi iliyozimuliwa sana kwenye mifereji na kuzunguka bolti peke yake, si mwili mzima, maana ukilowesha mwili mzima Silver Grey itageuka rangi ya matope na kazi ya siku nne imepotea. Kabla ya kufunga kwa vanishi isiyong'aa, chagua siku kavu.

Vumbi la jangwani halitoki ufukweni. Najua mchanga wa Shela ni mweupe na laini, na uko bure, lakini chembe yake ya nusu milimita ni sawa na jiwe la karibu sentimita mbili mbele ya kifaru cha 1/35, na isitoshe ina chumvi. Saga chaki ya manjano na ya hudhurungi kwa mgongo wa kijiko, ichuje kwa kitambaa cha leso, na uipake kwa brashi kavu kwenye sehemu za chini, juu ya magurudumu na pale askari walipokanyaga wakipanda. Pakaza kidogo na uache ncha za mistari zionekane. Minyororo ipakwe hudhurungi nzito, isuguliwe kwa risasi ya penseli pale inapogusa ardhi, kisha ivishwe. Mwisho rudisha tareti mahali pake na uizungushe polepole mpaka mstari wa Slate ulio ubavuni mwake ukutane na mwenziwe ulio kwenye mwili; ukipishana kwa milimita moja, tia tone la gundi na uuache hivyo, kwa kuwa kwenye picha za wakati ule tareti huonekana zimegeukia kila upande.